Nataka MMed ya magonjwa ya ndani huku nikiwaza ubobezi wa figo baadaye, niombe wapi? (niko Lindi)

MwanaLindi_MD

Habari za jioni wakuu, madokta na wote mliopo humu. Mimi ni MD (daktari wa shahada ya kwanza), nilimaliza intanishipu nikaajiriwa hospitali ya wilaya mojawapo hapa mkoani Lindi, huu ni mwaka wangu wa nne kazini na nimeshathibitishwa. Mwakani nataka niombe MMed (shahada ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani na naomba niseme mapema kabisa kwamba mwisho wa safari mimi naiona figo, nefrolojia. Ndo maana naleta swali hili kwenu, maana kila ninayemuuliza ananijibu soma kwanza ubingwa hayo mengine utayaona mbele ya safari, na mimi naogopa kufika huko mbele nikakuta mlango nilipaswa kuufungua mwaka wa kwanza.

Ngoja niwaambie kwa nini figo. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, sisi tulikuwa na mgonjwa wodini, kaka mkulima wa korosho, miaka 36. Presha alikuwa nayo hajui. Kaja kavimba uso na miguu, anahema juu juu, mkojo karibu hakuna, kipimo cha moyo, ECG, T zimechongoka, yaani potasiamu imepanda. Tukampa kalsiamu, tukampa insulini na glukosi, ikatulia kidogo, tukaongea na wakubwa mkoani tukakubaliana aende Dar moja kwa moja akasafishwe damu, ambulansi ipo, mafuta yapo, muuguzi wa kumsindikiza yupo, njia haipo. Kitu alichokuwa anahitaji ni kusafishwa damu mara moja mbili tu pengine, ili tupate muda. Alifariki siku ya tatu asubuhi na mimi ndo nilikuwa zamu. Mkewe alikuja kunishukuru. Mpaka leo ile shukrani inanikaa hapa shingoni.

Sasa maswali yangu. Muhimbili (Dar), KCMC (Moshi), Bugando (Mwanza) na Dodoma, wapi panafaa kwa mtu ambaye anajua kabisa baadaye anataka figo? Je kuna ubaya kusoma MMed chuo kimoja halafu ubobezi kingine? Na tasnifu ya MMed ina uzito kiasi gani wakati wa kuomba ubobezi? Hela ya kujilipia sina, nategemea ufadhili, nina mke mwalimu yuko Nachingwea na watoto wawili, kwahiyo jambo la familia nalo lipo mezani. Natanguliza shukrani.

---

Rezidenti_wa_Tatu

Karibu sana dokta na pole kwa huyo mgonjwa, wengi wetu tuna mmoja wa hivyo ambaye ndo katuleta huku.

Mimi ni rezidenti, yaani nasomea ubingwa, niko mwaka wa tatu medisini (magonjwa ya ndani), Dar, kwahiyo nitaongea ninachokijua. Kwanza kabisa kusoma MMed chuo kimoja na ubobezi kingine sio tatizo hata kidogo. Ubobezi wenyewe ni MSc ya nefrolojia, ipo MUHAS (chuo cha Muhimbili), ni miaka miwili baada ya MMed, na watu wanaingia wakitoka vyuo tofauti tofauti. Kwahiyo ukisoma Moshi au Mwanza au Dodoma hujafunga mlango wowote, hiyo hofu iweke chini leo.

Kinachobadilika ni kitu kingine. Ukiwa rezidenti sehemu ambayo kuna kitengo cha figo kinachofanya kazi kila siku, unaonekana. Konsalta anakujua kwa jina, anajua wewe ndo yule anayebaki baada ya raundi kuuliza, na siku unahitaji barua ya kukupendekeza haandiki kwa kukumbuka sura, anaandika anayoyajua. Barua mbili tatu za namna hiyo zina uzito kuliko jina la chuo kwenye cheti. Hapa Muhimbili upandikizaji wa figo wa kwanza nchini ulifanyika Novemba 2017 wakisaidiana na madaktari kutoka India, kwahiyo mpaka kliniki ya waliopandikizwa ipo, unamuona mtu miaka kadhaa baadaye na dawa zake na matatizo yake. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma nao walianza kupandikiza 2018. Ukitaka kuona figo mpaka mwisho wa njia hizo sehemu mbili uziangalie.

Tasnifu. Aisee hapa ndo watu wanateleza. Mwaka wa pili unatakiwa uwe na pendekezo la utafiti, umechoka, zamu zimekubana, mtu anakwambia chukua mada hii nyepesi takwimu zipo tayari kwenye mafaili, unachukua. Halafu unaomba ubobezi wa figo tasnifu yako inahusu kitu ambacho hakina uhusiano kabisa. Hawakukatai kwa hilo, lakini mwenzako kaandika kuhusu kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwa wagonjwa wa kisukari au figo kufeli ghafla kwa waliolazwa, tayari ana la kuzungumza kwenye intavyuu na kashakaa na msimamizi wa figo mwaka mzima. Wewe una bahati unajua unachotaka tangu sasa. Njoo na swali lako kutoka hukohuko Lindi, hata kama ni dogo.

Na kabla hujaomba popote tafuta marezidenti wawili watatu wa hapo, usiwaulize chuo ni kizuri, kila mtu atakwambia kizuri. Waulize rotesheni ya figo ni wiki ngapi, na waulize katheta ya dayalisisi (mrija wa kusafishia damu) anaweka nani, rezidenti au anaangalia tu. Kwenye hospitali kubwa yoyote mnakuwa wengi, kuna mtu anamaliza miaka mitatu kaweka mbili na kuna mtu kaweka arobaini, logbuku zao zinaonekana sawa kwa mbali.

Mwaka wa kwanza jiandae, fiziolojia inarudi, takwimu zinarudi, unakaa darasani tena huku una zamu. Hilo liko kila sehemu.

---

DaktariMikindani

Nimesoma swali lako mdogo wangu nikaweka simu chini nikanywa chai kwanza, maana hiyo Mei 2024 na sisi huku Mtwara tunaikumbuka.

Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, nipo huku Mtwara miaka mingi, nimeanza kazi ukitaka kwenda Dar unalala njiani. Nakubaliana na Rezidenti hapo juu kwa mengi ila kuna kitu kimoja naomba nikuwekee mezani kabla hujachagua. Wewe unajiona kama daktari wa figo ambaye atapitia ubingwa. Kusini haiko hivyo. Ukirudi na MMed yako, kabla hujaenda kwenye ubobezi, na hata ukirudi na ubobezi wenyewe, asubuhi utakuta mtu wa kiharusi, mtu wa moyo, kisukari kimepanda mpaka mtu hajitambui, TB imeingia uti wa mgongo, mtu kaumwa na nyoka shambani Tandahimba, na wote hao ni wako. Hakuna wa kumwambia huyu sio wa kwangu mpelekeni kitengo fulani. Kwahiyo ubingwa wa kwanza usiufanye ngazi ya kukanyagia tu. Chagua sehemu itakayokutoa ukiwa fizishani kamili, kisha ndo uangalie figo ndani ya hiyo sehemu. Nimeona vijana wawili wakisoma macho yakiwa kwenye ubobezi tu, wodi nyingine wanapita kama abiria, waliporudi mikoani wakapata shida sana.

Halafu fikiria figo zipi. Hili nadhani hujaambiwa. Wale wagonjwa wa kliniki za hospitali kubwa wengi figo zao zimeshakwisha, wako kwenye mashine mara tatu kwa wiki saa nne nne, au wanasubiri ndugu wa kuwatolea. Ni kazi kubwa na ya lazima. Lakini figo nyingi za huku kwetu zinakufa ghafla na zinaweza kurudi! Malaria kali. Mama katokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mtoto kaharisha siku nne wanamsubiri mjomba aje na hela. Mtu kanywa dawa ya mizizi kikombe kizima, au kameza diklofenaki miezi mitatu kwa ajili ya mgongo wa kupalilia mikorosho. Hao ukiwavusha wiki moja au mbili mkojo unarudi na mtu anaenda nyumbani kwake kabisa. Huyo kaka yako wa presha sijui angekuwa kundi gani, inawezekana zilikuwa zimeisha kitambo, lakini umesema mwenyewe, tungepata muda.

Ndo maana mimi nakwambia iangalie KCMC vizuri. Mimi nilisoma kaskazini. Pale Moshi walianza mwaka 2009 kusafisha damu kwa njia ya tumbo kwa watu waliofeli figo ghafla, ile PD, yaani unaweka katheta tumboni unaingiza maji maalumu unaacha yakae unayatoa, utando wa tumbo wenyewe ndo unakuwa chujio. Haitaki mashine. Haitaki umeme. Haitaki kile kiwanda cha kusafisha maji. Inataka mikono iliyozoea, usafi usio na mchezo na muuguzi anayehesabu kilichoingia na kilichotoka. Sasa niambie, kwa mtu ambaye barabara yake inakatika Somanga, ujuzi upi ni wa kwanza kujifunza? Sisemi usijue mashine, mashine lazima uijue na ubobezi utakufundisha. Nasema ukichagua mahali pa kusomea uwe umemuweka kichwani yule mgonjwa wako na hiyo barabara.

Mimi kosa langu lilikuwa hilohilo la tasnifu. Nilichukua mada aliyonipa mtu kwa sababu ilikuwa rahisi kumaliza, nikamaliza kweli kwa wakati, na miaka minne baadaye nilipotaka kwenda mbele sikuwa na msimamizi hata mmoja wa kuniandikia kwa moyo. Nilikuwa nimepita kwenye idara yao bila kuacha alama. Sikuenda. Sijutii kukaa huku, watu wangu wako hapa, lakini wewe usirudie.

Jambo la mwisho, ongea na nyumbani kabla hujaondoka. Shirika la kimataifa la wataalamu wa figo, ISN, lina mpango wa kuwapeleka madaktari wa nchi kama zetu kwenda kujifunza vituo vikubwa, na wanachouliza ni utarudi wapi na nani huko anakusubiri, wanataka barua ya taasisi yako. Na ufadhili wa serikali ni vilevile, ule mpango wa Rais Samia wa mabingwa na wabobezi unatoka na fani zake za kipaumbele, soma tangazo la mwaka wenyewe neno kwa neno, usisomewe na mtu. Kwahiyo nenda Sokoine, hospitali ya mkoa wako, njoo Ligula, ya mkoa wa huku, njoo hapa Mitengo kwenye hospitali ya kanda, kaa na mganga mfawidhi mwambie nataka nikasome figo nirudi, mna mpango gani. Ukipata hata karatasi moja yenye muhuri inayosema tunamhitaji, hiyo itakufungulia milango miaka sita mfululizo.

---

MwanaLindi_MD

Shikamoo Dokta, nimesoma mara tatu. PD nilisikia darasani tu, sijawahi kuiona kwa macho, na sikujua kama imefanyika hapahapa nchini miaka yote hiyo. Nina swali, je nikienda Moshi halafu baadaye MSc Dar si nitakuwa nimekosa kujulikana na watu wa kitengo cha Dar kama alivyosema Rezidenti?

Na Rezidenti asante, hilo la kuuliza katheta anaweka nani nalichukua kama lilivyo.

---

Mmakonde_Ughaibuni

Salamu kutoka mbali, mimi ni mtoto wa Newala niko Marekani mwaka wa pili wa rezidensi ya magonjwa ya ndani. Najua mleta mada hajauliza huku ila kuna watakaosoma baadaye wanaowaza njia hii kwahiyo acha niseme kwa ufupi.

Huku medisini ni miaka mitatu, baada ya hapo feloshipu, figo miwili, moyo mitatu. Kabla ya yote hayo unafanya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya huku, na kupata cheti cha ECFMG cha madaktari waliosoma nje, mtihani wa kwanza, Step 1, tangu Januari 2022 haina alama ni kufaulu au kufeli tu, kwahiyo wa pili, Step 2, ndo unakuuza. Halafu unaingia kwenye ule mfumo wao wa kompyuta wa kulinganisha waombaji na hospitali, majibu yanatoka Machi. Watu huku wakichagua rezidensi huku wanawaza feloshipu wanaangalia kama hospitali yenyewe ina feloshipu ya fani hiyo ndani yake, maana mara nyingi wanaanza na watu wao, na wanauliza waliomaliza miaka mitatu iliyopita walikwenda wapi. Hilo swali la pili hata Tanzania linafaa, ukienda chuo chochote uliza wahitimu wa medisini wa miaka ya karibuni wako wapi, wangapi walikwenda ubobezi, walisaidiwa na nani.

Moyo huku ni vita, waombaji ni wengi kuliko nafasi. Figo ni kinyume, kila mwaka nafasi zinabaki wazi, kwahiyo mtu wa kutoka nje mwenye nia ya figo ana nafasi nzuri. Lakini sikiliza, ukija kwa viza ya mafunzo, J-1, kama nilivyokuja mimi, wizara ya afya ya nyumbani inatakiwa iandike barua kusema nchi inahitaji fani hiyo na kwamba utarudi, na ukimaliza unatakiwa ukae nyumbani miaka miwili kabla ya kufikiria kurudi huku kufanya kazi. Mtu mwenye mke na watoto wawili na anayetaka kuhudumia Lindi, njia hii ni ndefu na gharama za mitihani ni dola sio shilingi. Mimi kama ningekuwa na huo msimamo wako wa figo tangu nikiwa wilayani ningebaki nyumbani nikasoma hukohuko, kisha miezi sita au mwaka nje kwa ajili ya kitu maalumu.

Yaani na ming'oko (vile viazi pori vya kwetu) nimeikumbuka kweli, nikirudi likizo naanzia sokoni.

---

SistaMasasi

Jamani naomba na sisi wauguzi tuongee. Mimi ni nesi, nilipelekwa mafunzo ya kusafisha damu nikakaa kwenye kitengo miaka miwili hospitali moja nje ya mkoa, sasa nipo Masasi.

Dokta wa Lindi, kila mtu hapa anakwambia konsalta, barua, tasnifu. Mimi nakwambia maji. Mgonjwa mmoja akikaa kwenye mashine saa nne anatumia maji kama lita 120 yaliyosafishwa kabisa kabisa, sio ya kuchemsha, yale yanapitishwa kwenye mitambo ya kuchuja. Na hiyo ni kwa mgonjwa mmoja tu siku moja, wagonjwa sita ni zaidi ya lita 700 bado hujahesabu yanayomwagika wakati wa kuchuja. Sasa wewe fikiria uwanda wa Makonde kule Newala na shida ya maji tuliyokulia nayo, watu wanabeba ndoo kutoka bondeni. Mashine inaweza ikaletwa na kiongozi akaja kukata utepe, maji yakayumba wiki moja, klorini ikapita kwenye chujio lililochoka, mgonjwa damu yake inaharibika akiwa amelala hapohapo. Niliona siku ambayo fundi alikuwa safari na daktari wa zamu hajui kipimo cha klorini kinapimwaje. Muuguzi mmoja ndo aliyegoma kuwasha mashine. Alikuwa sahihi na alitukanwa sana siku hiyo.

Kwahiyo ukichagua chuo, chagua sehemu ambayo rezidenti anaruhusiwa kuingia chumba cha maji na kukaa na fundi na muuguzi, sio anakuja saa nne asubuhi anasaini anaondoka. Ukiwa rezidenti omba wiki moja tu ukae na sisi toka tunafungua mpaka tunafunga. Ukirudi Kusini wewe ndo utaulizwa tujenge wapi, tununue nini, tusomeshe wauguzi wangapi, na ukiwa peke yako bila timu utarudi kuwa daktari wa kuandika rufaa kama sasa.

Na mke wako mwalimu, uhamisho wa kumfuata mwenza unachukua muda, muanze kushughulikia mapema hata kabla hujapata chuo.

---

Rezidenti_wa_Tatu

Sista asante sana, hilo la chumba cha maji sijawahi kuingia na niko mwaka wa tatu. Wiki ijayo naenda.

Mleta mada, kuhusu kujulikana Dar ukiwa Moshi. Unaweza kuomba rotesheni ya kuchagua mwenyewe, vyuo vingi vinaruhusu wiki kadhaa ukae hospitali nyingine, omba kitengo cha figo Muhimbili. Njoo na tasnifu yako mkononi, omba mtu wa Dar awe msimamizi wa pili. Wanakubali, hasa ukija na swali linaloeleweka. Tena mtu kutoka Kusini mwenye data za Kusini anasikilizwa haraka, maana tafiti nyingi za figo hapa zinafanywa kwa wagonjwa wa miji mikubwa.

---

DaktariMikindani

Hapo Rezidenti kanijibia. Mimi naongeza kidogo tu, hiyo data anza kuikusanya sasa hivi kabla hujaondoka. Sio utafiti, daftari tu. Kila mgonjwa unayempima kreatinini ikaja juu, andika umri, jinsia, kijiji, kilichomleta, dawa alizotumia kabla ya kuja, amepona au hapana. Usiandike majina. Ukishaona sura ya jambo omba kibali cha maadili kwa utaratibu wake. Ukiwa na wagonjwa 60 kwenye daftari unajua unataka kuuliza nini, na msimamizi yeyote ataona huyu hajaja kutafuta cheti.

Na Sista wa Masasi ahsante mwanangu. Ulichosema kuhusu yule muuguzi aliyegoma, sisi tunaosaini mafaili ndo tunapaswa kukisoma kwanza.

---

MwanaLindi_MD

Nawashukuru kwa dhati, nilikuja na swali la chuo kipi nimeondoka na kazi ya mwaka mzima.

Nilivyoamua mpaka sasa, nitaomba KCMC kama chaguo la kwanza na Muhimbili la pili, kote kote nitaandika wazi nia ya figo. Kwanza nitatafuta marezidenti wawili wa Moshi niwaulize hilo la katheta na niwaulize kama PD bado rezidenti anaishika kwa mikono yake, maana kama imebaki kwenye historia basi nabadilisha mpangilio. Mke wangu nimemuonyesha huu uzi wote jana usiku, alisoma mpaka mwisho, akaniambia la uhamisho tuanze Jumatatu. Daftari nimeshanunua, kaunta buku. Mgonjwa wa kwanza nimemuandika leo, dada wa miaka 24, malaria, kreatinini 380, mkojo umeanza kurudi.

Dokta wa Mikindani, naomba kama inawezekana nije Mtwara wiki ijayo kuonana na wewe kisha unielekeze kwa mganga mfawidhi, nina siku mbili za mapumziko Jumanne na Jumatano.

---

DaktariMikindani

Njoo Jumatano, Jumanne nina kliniki mpaka jioni. Panda gari la asubuhi. Uje na daftari, na huyo dada wa miaka 24 mpime tena kreatinini kabla hujaondoka ili tuongee tukiwa na namba mbili. Maji ya kunywa anakunywa kiasi gani na mkojo unapimwa na nani usiku?

---

MwanaLindi_MD

Usiku anapima mama yake, tumempa jagi lenye alama na nimemfundisha kusoma. Jana mililita 300, leo mpaka saa kumi na mbili jioni 850.